Pedali za Upande wa Kulia

Kona alikuwa dereva. Simaanishi mtu mwenye funguo mfukoni anayejiita dereva. Namaanisha dereva wa lori la tani thelathini, miaka kumi na tisa kwenye mlima mmoja wenye kona arobaini na moja, na hakuna hata moja iliyowahi kumla. Jina la Kona alilipata huko. Mama yake alimpa jina zuri tu, la babu yake, lakini ukilitaja gereji watu watakuuliza huyo ni nani na alizikwa lini.

Lori lake lilikuwa na breki nzito za kusikia. Ukizikanyaga mara moja zinakutazama tu. Kwa hiyo Kona akawa na mkanyago wake mwenyewe: fupi, fupi, halafu ndefu. Mbili za kuziamsha, ya tatu ya kuzipa amri, na lori zima linapiga magoti. Aliyeko nyuma akiona taa nyekundu zinakonyeza mara mbili halafu zinatulia, anasema huyo ni Kona, kaa nyuma yake utafika. Wengine walijaribu kumuiga wakaishia kwenye mtaro na matairi yanaangalia mawingu.

Sasa mke wa Kona ni muuguzi, na akili yake ni ndefu kuliko ule mlima. Akapata kazi ng'ambo, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Akatangulia, akapanga vyumba viwili juu ya duka la miwani, akamwita mumewe. Watoto walikuwa wakubwa, wako bweni. Kona akaaga gereji kwa mbwembwe zote, akawaambia anakwenda kuwafundisha wazungu wa watu kukata kona.

Uwanja wa ndege alipokelewa na shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye naye yuko huko anaoka mikate. Kona akaburuza sanduku mpaka kwenye gari, akafungua mlango wa kushoto akae kiabiria kama mgeni mstaarabu. Akakuta usukani.

"Shemeji," yule kijana akamwambia, "hata salamu hatujamaliza unanipora gari?"

Ndiyo hivyo. Kule magari yanapita upande wa kulia na usukani uko kushoto. Kila kitu kimegeuzwa kama shati lililovaliwa nje ndani. Kona alicheka, akazunguka. Siku ile aliona ni kichekesho.

Kesho yake akapeleka leseni yake kwa afisa wa barabara. Leseni ya madaraja yote, mpaka trekta. Afisa akaigeuza akatazama nyuma, kama anatafuta picha nzuri zaidi, akamrudishia.

"Hii haitumiki hapa. Utasoma upya, utafanya mtihani."

"Mtihani wa nini?"

"Wa kuendesha gari."

Kona aliniambia mwenyewe kwamba alihisi kama ameambiwa akajifunze kumeza.

Na haikuwa jambo la kuchukulia poa. Kwenye kile kiwanda cha mikate cha shemeji kulikuwa na mzee wa gari la kusambaza mikate aliyekuwa anastaafu mwishoni mwa mwezi wa tano. Mwenye kiwanda akamwambia Kona waziwazi: lete leseni, gari ni lako, usipoleta, namchukua mwingine. Wakati anasubiri akampa kazi ya kusugua trei. Na kanuni ya nchi ile ni kwamba unapewa mitihani mitatu ya udereva. Ukiangukia pua yote mitatu, unakaa mwaka mzima ndipo uruhusiwe tena. Mtu wa tani thelathini, mwaka mzima na brashi ya waya mkononi, anakwangua maganda ya mikate iliyoungua. Hilo ndilo lililokuwa linamkosesha usingizi.

Akaandikishwa shule ya udereva, darasa moja na watoto wenye chunusi.

Mwalimu wake alikuwa mtu mrefu, mkimya, wa viatu vya soli nene, anayefundisha kama mtu anayesubiri basi. Na gari la kufundishia, nikueleze vizuri maana hapa ndipo penye habari yenyewe, lilikuwa na pedali pande mbili. Seti moja chini ya miguu ya mwanafunzi, kushoto. Seti nyingine chini ya miguu ya mwalimu, kulia. Zimeunganishwa. Mwalimu akikanyaga breki yake, ya kwako inazama yenyewe. Halafu kuna kengele ndogo chini ya dashibodi: pedali za kulia zikiguswa tu, inalia pii. Siku ya mtihani kile kiti cha kulia anakaa mtahini. Kengele ikilia, maana yake imebidi akuokoe, na ukiokolewa umefeli. Hakuna kubembelezana.

Somo la kwanza Kona akafika na miwani ya jua, akafungua mlango wa kulia, akaketi, akafunga mkanda, akanyoosha mikono kushika usukani. Akashika hewa.

Mwalimu alikuwa amesimama nje. "Hicho kiti ni changu."

"Nakupashia moto tu, Mwalimu."

Alimpashia moto siku ya pili, na ya tatu, na wiki nzima iliyofuata. Miguu inampeleka yenyewe mlango wa kulia, miaka kumi na tisa imezoea. Na akishakaa kushoto ndiyo balaa lingine: akitaka kuwasha indiketa, waipa zinaanza kucheza. Jua kali, kioo kikavu, waipa krii, krii, wapita njia wanamtazama.

"Mvua inakuja?" Mwalimu anauliza, hata hacheki.

Lakini Kona ni Kona. Mwezi wake wa pili shuleni alikuwa amelikamata gari. Anakaa kulia barabarani, anazunguka mizunguko upande wao, anasimama mistari yote inayosimamwa. Kengele ikawa hailii kabisa. Mwalimu akamwandikia mtihani.

Mtahini alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani ya kamba na pipi mdomoni. Akakaa kulia, mkoba magotini, wakaondoka. Dakika ishirini na tano Kona aliendesha kama maziwa yanayomiminwa. Ikabaki kona moja ya kuingia barabara pana na kurudi. Akaingia, akashika upande wa kulia kama inavyotakiwa, katikati ya mistari, safi.

Pedali ikazama chini ya kiatu chake.

Pii. Pii. Piiiii.

Gari likasimama. Kona akamgeukia yule mama. "Mama, nimekosea nini?"

Yule mama alikuwa anaitazama miguu yake mwenyewe. Alikuwa ameivuta nyuma kabisa chini ya kiti, kifundo juu ya kifundo.

"Ni wewe umekanyaga," akasema.

"Kengele haisikii pedali zangu, mama. Inasikia za kwako."

"Mimi sijagusa kitu." Pipi ikagonga jino. Halafu akachukua kalamu. "Kanuni inafuata kengele."

Nyumbani shemeji alimcheka mpaka akakaa chini. Kona akasema huyo mama hapendi wageni, amemkanyagia makusudi. Ndivyo alivyosema. Lakini kule kiwandani, akisugua trei, alijikuta anausikiliza ule mlio kichwani. Fupi, fupi, ndefu. Akaufukuza. Ukarudi. Akasugua trei moja mpaka ikaanza kung'aa kama kioo, akajiona humo, akaigeuza.

Mwalimu akalipeleka gari kwa fundi. Fundi akafungua nyaya, akafungua pedali, akapuliza, akarudisha. Akasema gari ni zima, pengine tatizo ni watu.

Somo lililofuata waliingia barabara ya maghala, ambako mchana hakuna gari wala mtu, kuta ndefu tu na milango ya bati. Mwalimu alikuwa amekunja miguu yote miwili juu ya kiti, kama mtu aliyeona panya.

"Mwalimu, hivyo ndivyo mnavyokaa siku hizi?"

"Endesha."

Akaendesha. Polepole, upande wa kulia, mbele kweupe. Wakapita ghala la kwanza, la pili. Ndipo ikalia.

Safari hii wote wawili waliangalia chini, na wote wawili waliona. Breki ya upande wa kulia ilishuka. Ikapanda. Ikashuka. Ikapanda. Halafu ikashuka ikakaa huko huko chini, na zulia lililo mbele yake likabonyea shimo dogo la mviringo, pale ambapo mtu anaegemeza kisigino. Gari likasimama. Shimo likabaki pale pumzi nne, tano. Kisha zulia likanyanyuka taratibu, likawa tambarare.

Injini ilikuwa inanguruma tu.

"Mwalimu, umeona?"

"Nimeona."

"Sasa tufanyeje?"

Mwalimu alifikiria. "Weka gia ya kwanza. Bado una dakika kumi na tano."

Unaweza kucheka, na Kona mwenyewe akisimulia hapo hucheka. Lakini siku ile alipoweka gia ya kwanza, goti lake la kulia lilikuwa linauma, uchovu ule wa mwisho wa mlima, na yeye hakuwa amekanyaga chochote. Na mtu huutambua mkanyago wake popote ausikiapo, kama unavyokitambua kikohozi cha baba yako nyuma ya ukuta. Aliujua. Hakumwambia Mwalimu.

Kuanzia hapo akawa anaona mambo. Asubuhi moja miguu ikampeleka tena mlango wa kulia kwa mazoea. Gari limelala uani usiku kucha, vioo vina umande, bonge la baridi. Akakaa. Kiti kilikuwa cha moto, moto wa kiti ambacho mtu ametoka kukikalia safari nzima. Akatoka haraka. Mwalimu akamuuliza mbona leo hajamaliza kumpashia kiti.

"Leo kimeshapashwa," Kona akajibu, na hakutania.

Mtihani wa pili ulifika, mtahini yule yule. Safari hii yule mama alikuja bila mkoba, na akauliza kwa upole kama anaweza kukaa nyuma. Mwalimu akamwambia kanuni hairuhusu. Akakaa mbele, magoti yamegeukia mlangoni.

Walifika mzunguko mkubwa wenye bustani katikati. Kona akatazama kushoto, akangoja, akaingia kwa kulia, kila kitu kama alivyofundishwa. Ndipo akamsikia. Siyo kengele kwanza. Pumzi. Mtu alivuta pumzi kwa meno, sss, pale kulia kwake, vile dereva anavyovuta akiona lori linamjia uso kwa uso kwenye upande wake. Yule mama alikuwa amefumba mdomo, pipi imevimba shavuni.

Pii. Pii. Piiiii.

Yule mama aliandika bila kumtazama. Alipomaliza aliweka mkono juu ya kiti, pembeni ya paja lake, akauondoa.

"Kijana," akamwambia, na Kona ana miaka arobaini na sita, "hii si kazi yangu kusema. Lakini wewe unaendesha vizuri. Mtu mwingine ndiye anayeendesha vibaya."

Ukabaki mtihani mmoja, na siku tisa za mwezi wa tano.

Jioni ile mkewe alikuwa anapiga pasi sare zake, anajiandaa na zamu. Kona akakaa kitandani, akamwambia yote. Si rahisi. Ukishatamba miaka yote hiyo kwamba huogopi hata mlima, unamwambiaje mkeo kwamba unaogopa kiti? Lakini akasema. Pedali, zulia, kiti cha moto, ile pumzi. Na akasema kile alichokuwa amekipiga hesabu kwa vidole akiwa kwenye trei: kwamba kengele haikuwahi kulia yenyewe alipokosea. Alipokuwa anakosea, anajisahau anasogea kushoto, kimya. Inalia akiwa amefanya sawa. Akishika tu kulia vizuri, ndipo mguu unashuka.

Mkewe aliweka pasi wima. "Kwa hiyo anaona mko upande mbaya."

"Nani?"

"Baba watoto, usiniulize mimi. Mkanyago ni wa nani?"

Kona akavuta uzi uliochomoka kwenye shuka.

"Ni wa nani?"

"Wangu."

Shemeji, aliyekuwa sebuleni anakula, akapaza sauti, "Mwandalieni chai basi, amesafiri mbali." Dada yake akamwambia afunge mdomo na mlango. Akafunga mlango.

Mkewe akachukua kola ya sare, akaitandaza. "Kule kazini nina mzee mmoja, kila siku saa kumi anainuka anatafuta mlango wa nyumba aliyohama zamani, kabla mimi sijazaliwa. Anapapasa ukutani. Mwanzoni tulikuwa tunamwambia, babu, hapa siyo kwako, mlango huo haupo. Analia. Anatupiga. Maana kwake yeye upo, sisi ndio tuna wazimu."

"Sasa mnafanyaje?"

"Huwezi kubishana na mtu anayeogopa. Namshika mkono, namwambia twende. Namtafutia mlango wowote wenye kitasa, namfungulia, anatoka, anaona uani, anatulia. Heshima tu." Pasi ikapita juu ya kola, mvuke ukapanda. "Huyo wako amekaa humo amefungiwa, anatazama magari yote ya dunia yanamjia usoni, na hana usukani. Ana breki tu. Hata mimi ningekanyaga."

Kona akauliza kitu ambacho hakukipanga. "Na yule babu akishatoka, anarudi?"

"Anarudi, ndiyo. Lakini yeye nje anakuta uani petu tu. Wako sijui atakuta nini."

Siku ya mtihani wa tatu Kona alifika shuleni saa moja kabla. Kulikuwa kweupe, jua limeshapanda juu ya ukuta, ua wa kokoto na gari moja katikati. Mwalimu alikuwa ofisini, dirishani, na kikombe chake.

Kona akaenda mlango wa kulia. Hakuingia. Akaufungua wote, akausogeza mpaka mwisho wa bawaba, akasimama pembeni kama anavyosimama utingo dereva mkubwa akishuka. Alikuwa na aibu, alitazama huku na huku kama kuna anayemwona. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida, ile ya mwisho wa safari.

"Mkubwa, tumefika. Shuka unyooshe miguu."

Kiti kitupu, mkanda unaning'inia.

"Umekaza mguu sana," Kona akasema. "Miezi yote hii. Nimeona. Hukukosea hata mara moja, barabara yao ndiyo imekaa hivi. Mimi nitaendelea na hili gari, wewe pumzika. Shusha mguu. Taratibu, hapo chini kuna kokoto."

Akangoja. Anasema alingoja mpaka akaanza kujiona mjinga. Kisha gari likainama upande wa kulia, kidogo, vile linavyoinama mtu mnene akihamisha uzito kutafuta ardhi. Springi zikalia. Halafu likanyanyuka, likakaa juu kuliko lilivyokuwa. Kokoto zikasikika: hatua, hatua, moja ndefu ya mguu uliokufa ganzi, hatua. Zikazunguka mbele ya boneti zikielekea getini. Hakukuwa na kivuli. Kona hakugeuka kuzifuata kwa macho, alitazama kitasa tu.

Ofisini Mwalimu alikuwa amenyanyua kikombe hadi mdomoni na amekisahau hapo. Chai ilikuwa inamdondokea kwenye tai.

Kona akafunga mlango wa kulia. Akazunguka nyuma ya gari, akafungua mlango wa kushoto, akakaa. Moja kwa moja. Ndipo akagundua kwamba hii ndiyo mara ya kwanza tangu aje miguu haikumpeleka kwingine. Akafurahi, akataka kupiga mluzi. Akatazama chini.

Pedali tatu. Alizitazama kama viatu vya mtu mwingine vilivyopangwa mlangoni. Ya katikati ni ipi? Ilimbidi aseme kwa mdomo, kama wale watoto wenye chunusi: klachi, breki, mafuta. Klachi, breki, mafuta.

Yule mama akaja, akasita mlangoni, akagusa kiti kwa kiganja kabla ya kukaa. Akakaa vizuri, akanyoosha miguu.

Mtihani wenyewe sina cha kukusimulia. Kona aliendesha kama mtu anayesoma ubaoni neno kwa neno. Kioo, indiketa, tazama, geuka. Waipa hazikucheza. Kengele haikulia. Kwenye mzunguko mkubwa alingoja kuliko ilivyohitajika, na aliyekuwa nyuma akapiga honi, naye akaendelea kungoja mpaka alipomaliza kujiambia hatua zote.

"Umefaulu," yule mama akasema waliporudi. "Umeendesha kama mtu wa hapa hapa." Alidhani anamsifu.

Kona akapewa gari la mikate siku ya mwisho ya mwezi, na mpaka leo analo. Hajachelewa, hajagonga, hajaandikiwa kosa. Mwenye kiwanda anamtaja kwa wageni. Kiwandani hawamwiti Kona, hawajui hilo jina, wanamwita Bwana Mikate. Shemeji peke yake ndiye aliyewahi kumchokoza, siku moja wanapakia, akamwambia awasimulie vijana jinsi alivyokuwa anaikata ile kona ya kumi na saba, ile yenye mwamba, na lori limejaa saruji. Habari hiyo shemeji ameisikia mara mia na kila mara Kona huinuka akaonyesha kwa mikono na miguu. Kona akashika trei, akafikiri.

"Sijui," akasema. "Nadhani nilipunguza mwendo."

Shemeji hakumchokoza tena.

Mwezi wa saba mkewe akawa na siku ya mapumziko, akasema anataka kuona mumewe anaendaje kazini. Akakaa kulia, kiti kile kingine, akaweka begi lake miguuni. Ni saa tatu asubuhi, wameshashusha mikate maduka mawili, wako kwenye ile barabara iliyonyooka inayokwenda mji wa pili, mashamba pande zote na hakuna mti. Kona anakwenda mwendo ulioandikwa kwenye vibao, si zaidi hata kwa unywele.

"Unaendesha kama mtu aliyeazima miguu," mkewe akamwambia.

"Naendesha vizuri."

"Sijasema vibaya."

Mbele yao, mbali, mtu alikuwa anatembea. Alikuwa upande wa kushoto, si pembeni kwenye majani, bali ndani ya barabara kabisa, katikati ya njia ya wanaokuja. Alitembea kwa utulivu, amewapa mgongo. Gari jeupe likaja kutoka mbele likapita pale pale alipo, halikuyumba, halikupiga honi, na lilipopita alikuwa bado anatembea. Likaja basi. Vivyo hivyo.

"Punguza," mkewe akasema polepole.

Kona alikuwa ameshakanyaga breki. Mara moja, laini, kama kitabu kinavyosema. Trei hazikusogea.

Walipomfikia, yule mtu hakunyoosha mkono kuomba lifti. Alikuwa amekunja mikono yote miwili mbele ya kifua, viganja vimefumbwa nusu, kama vimeshika kitu cha mviringo. Walipokuwa sambamba naye aliinua vidole viwili tu, vile madereva wanavyosalimiana wakipishana, akavirudisha. Kona akainua vidole viwili kutoka kwenye usukani. Hakumtazama usoni.

Mkewe alitazama. Aligeuza shingo, akaendelea kutazama mpaka mashamba yakamfunika. Alipogeuka mbele akamtazama mumewe usoni, kama mtu anayelinganisha.

"Anakwenda wapi?"

"Nyumbani," Kona akasema. "Ni mbali kwa miguu."

Wakaenda kilomita nzima. Waya za umeme zilipanda na kushuka dirishani.

"Tungempa lifti," mkewe akasema, na sauti yake ilikuwa ile anayoongea nayo na wazee wake. "Hata mpaka njia panda."

"Akipanda, atataka kukaa hapo ulipokaa wewe."

Mkewe akaitazama miguu yake. Akaivuta nyuma, yote miwili, chini kabisa ya kiti, na hakuinyoosha tena mpaka duka la mwisho.